Nani Atamfundisha Mwalimu? Mjadala wa Mabanga Juu ya Programu Mpya za Sayansi

Kila serikali iazimiapo kuyageuza masomo ya sekondari huanza kwa kuandika programu na kuchapa vitabu, kwa kuwa kitabu huisha kuchapwa kwa siku zinazohesabika na huonekana machoni pa wakubwa na wafadhili, ilhali mwalimu, ambaye ndiye atakayekifungua kitabu hicho mbele ya watoto, huhitaji miaka kuigeuza kazi aliyoizoea, na mageuzi yake hayashuhudiwi na mtu ila wanafunzi wake. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kadhia hii inajulikana vema. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 iliifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka minane. Mwaka wa 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi uitwao PEQPESU, wenye muradi wa kuinua ubora wa sekondari na vyuo. Na tangu 2018 zikaanza kutoka programu mpya za hisabati na sayansi kwa darasa la saba na la nane, kisha kwa madarasa ya humanite za sayansi, yaani sekondari ya juu.

Mjadala huu nimeuweka Mabanga, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, mtaa wenye nyumba nyingi za mbao zilizosimama juu ya mawe meusi ya volkeno, ambako shule na maskani hupakana ukuta kwa ukuta, na ambako mwalimu, mzazi na mkuu wa shule, ambaye hapa huitwa prefe, hukutana njiani kila siku na kusemezana bila kificho. Sauti nne zitakazosikika si za watu mahsusi. Ni kauli ambazo mtu yeyote aliyekaa karibu na shule za mji huu amezisikia mara nyingi, nami nimezikusanya katika baraza moja ili kila hoja ikutane na hoja inayoipinga, kwa maana suala lenyewe ni zito na halifai kuamuliwa kwa kusikia upande mmoja.

MKAGUZI: Nianze kwa kuitetea programu, maana naona inalaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Sisi tuliosoma zamani tunakumbuka jinsi masomo yalivyokuwa orodha ya mada: mwalimu aliandika ubaoni, mwanafunzi akanakili, akahifadhi, akayatoa siku ya mtihani, na aliyeweza kuitaja kanuni ya Ohm kwa ufasaha aghalabu hakuweza kuunganisha taa moja na betri. Programu mpya imekuja kuliondoa jambo hilo. Kila somo huanza na hali inayotokea katika maisha ya mtoto, kisha maarifa huletwa ili hali hiyo ipate ufumbuzi. Na masomo ya sayansi ambayo zamani yalitengana sasa yamekusanywa katika uwanja mmoja wenye matawi matatu, nayo ni hisabati, sayansi za uhai na ardhi, na sayansi za fizikia pamoja na teknolojia na maarifa ya kompyuta. Ama mafunzo ya walimu, nawaomba mhukumu kwa insafu. Nchi hii ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na mtu hawezi kutoka Goma kwenda Kinshasa kwa barabara moja iliyo nzima. Wafundishwe wakufunzi wachache wa taifa, hao wawafundishe wa majimbo, na wa majimbo wawafundishe walimu: nani ana njia nyingine ya kuwafikia walimu wote kabla ya watoto kuzeeka? Tena tusisahau tulikotoka. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini, na UNESCO ikalazimika kutuletea walimu wa kigeni, wengi wao kutoka Haiti, ili shule za sekondari zisifungwe. Leo tuna vyuo vyetu vya ualimu, hizi ISP, hata hapa Goma. Si haba.

MWALIMU: Mzee, kuhusu ubora wa programu sina neno la kukupinga, niliisoma nikaipenda. Nitakueleza tu nilivyoipokea. Tuliitwa semina kwa siku chache, katika ukumbi uliojaa, na mkufunzi, ambaye naye alikuwa amefundishwa upesi kama sisi, alitueleza tangu asubuhi hadi jioni kwamba tusifundishe kwa kuhutubu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akafundisha somo moja mbele ya wenzake. Nilirudi shuleni na nakala ya programu, nikajaribu. Nilichagua mazuku, kwa kuwa kila mtoto wa Goma amesikia habari za gesi hiyo ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mahali pa bondeni, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake, ikaua mbuzi na hata watu waliolala chini. Nilichukua beseni, magadi na maji ya ndimu, na mishumaa miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Gesi ilipopanda, mshumaa mfupi ulizimika na mrefu ukaendelea kuwaka, na darasa zima lilisimama. Wakaniuliza: kwa nini mfupi ndio uliotangulia? Kwa nini mazuku huzidi usiku na alfajiri? Na upepo ukivuma gesi hiyo huenda wapi? Majibu nilikuwa nayo: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na hewa iliyotulia haiichanganyi. Nisichokuwa nacho ni maarifa ya kuliacha darasa liyatafute majibu hayo lenyewe, niulize nini, ninyamaze kwa muda gani, na nifanyeje na wale waliobanana nyuma wasioliona beseni. Niliogopa saa itapita. Nikarudi ubaoni, nikaandika jibu, wakanakili. Somo lililoanza kwa programu mpya lilimalizika kwa programu ya zamani, na hapakuwa na mtu wa kunionyesha ni wapi hasa lilipogeuka.

MAMA: Mniwie radhi nikisema, maana mimi sikufika mbali katika masomo, ni fundi wa cherehani, na watoto wangu wawili wako katika shule za mtaa huu. Msichana akija kwangu kujifunza ufundi, simkusanyi na wenzake siku tatu nikawasomea habari za kukata kitenge, kisha nikamkabidhi mkasi na kitambaa cha mteja. Hukaa ubavuni mwangu akinitazama nikikata. Kisha hukata yeye nami nikimtazama. Na akikosea, kosa huonekana palepale kabla kitambaa hakijaharibika. Huyu Mwalimu anasema somo lilimgeukia mikononi. Nauliza, Mzee, siku ile nani alikuwa akimtazama?

MKAGUZI: Kwa sheria, mama yangu, mwenye kumtazama ni mimi. Nami nitasema kweli hata kama inanihukumu. Shule ni nyingi, wakaguzi ni wachache, na safari zetu hazina fedha. Nikifika shuleni, naomba karatasi ya maandalio, ile ambayo walimu huiita fishi, naitazama shajara ya darasa, nasikiliza somo moja, naandika maksi, naondoka. Na kuna jambo kubwa kuliko uhaba wa safari. Mwalimu anajua kwamba nimekuja kumpima; kwa hiyo siku hiyo hufundisha somo analolimudu, na lile linalomshinda hulificha. Mtu mmoja hawezi kuwa hakimu asubuhi na msiri jioni. Nimefikia kukiri kwamba anayetoa maksi si yeye anayefaa kumlea mwalimu katika jambo jipya.

PREFE: Basi niseme mimi, maana hoja imefika mlangoni pangu. Mnalotafuta lipo tayari katika kanuni za shule zetu. Walimu wa somo moja au masomo ya jamii moja wanatakiwa kuwa na kikundi chao, unité pédagogique, nasi tumezoea kusema UP. Wakutane, mmoja afundishe wenzake wakimsikiliza, kisha wazungumze. Katika shule nyingi UP ina daftari, ina mwenyekiti, na ina muhuri, lakini haina uhai. Sababu yake si uvivu. Mwalimu huyu aliyesema sasa hivi ni katika wale tunaowaita NU, yaani wapya ambao bado hawajaingizwa katika malipo ya Serikali. Ujira wake hutoka katika fedha za wazazi, nao hautoshi, kwa hiyo kengele ya adhuhuri ikilia yumo njiani kwenda kufundisha katika shule ya pili. Hata wale wanaolipwa na Serikali walipata dhiki mabenki ya Goma yalipofunga milango mwanzoni mwa 2025, baada ya waasi wa M23 kuutwaa mji. Fauka ya hayo, majengo yetu mengi hutumika zamu mbili, asubuhi shule moja na alasiri nyingine, na chumba cha kukutana hakuna. Nikimwambia mwalimu abaki saa mbili kwa ajili ya UP, nimemwambia apoteze chakula cha watoto wake. Naona haya kulisema, na sisemi.

MWALIMU: Ahsante, Prefe. Hapo umesema lile ambalo semina zote hulipita. Hutuita kana kwamba tunachokosa ni maarifa tu, ilhali tunachokosa kwanza ni wasaa.

MKAGUZI: Wasaa unaweza kutafutwa. Majirani zetu wametutangulia. Kenya ilianzisha mwaka wa 1998, kwa msaada wa Japani, mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, ukaitwa SMASSE. Ulianza katika wilaya tisa na mwaka wa 2003 ukaenezwa nchi nzima. Walimu walikutana katika vituo vya wilaya wakati wa likizo, wakaandaa masomo pamoja, wakayafundisha, wakayachambua, na walihimizwa kutengeneza vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu nao, kama Mwalimu wetu alivyofanya kwa magadi na ndimu. Na jambo la kuzingatia ni hili: vituo vile havikuendeshwa kwa fedha za mfadhili peke yake; shule zilitenga sehemu ya karo kwa ajili yake. Tanzania nayo ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambamo walimu hukutana shuleni mwao katika jumuiya za kujifunza.

MAMA: Karo! Nilijua tutafika hapo. Mzee, shule ya msingi ilitangazwa bure Septemba 2019, nasi tulishukuru, lakini sekondari tungali tunalipa, na kila mwaka huzuka mchango mpya wenye jina jipya. Leo mnataka nimlipie mwalimu ajifunze kazi ambayo tayari namlipia aifanye. Kwa nini nikubali?

PREFE: Swali la haki, mama. Huko Kenya pia hayakwenda bila manung'uniko. Walimu walilalamikia posho, na likizo zao zilizochukuliwa. Nami sitaki mzazi abebe mzigo ambao ni wa Serikali. Lakini tufikiri pamoja. Fedha ile ile unayolipa leo hununua saa za kufundisha tu, hata kama saa hizo zinafundishwa vibaya. Lau katika saa za mwalimu tungetoa mbili kwa juma, zikaandikwa katika ratiba kama somo lolote lingine, zikalipwa kama somo lolote lingine, watoto wangepungukiwa na kidogo katika idadi na wangepata zaidi katika ubora. Huo si mchango mpya. Ni kupanga upya kilichopo.

MAMA: Nitakubali kwa sharti moja. Niwe na ruhusa ya kuja siku hiyo, nikae nyuma ya darasa, nione kwa macho yangu kwamba saa ile niliyoilipia inafanyiwa kazi. Nikiona mwalimu anamsikiliza mwenzake na kumrekebisha, sitalalamika. Nikiona wamekaa wanazungumza habari za mji, nitawaambia wazazi wenzangu.

MWALIMU: Karibu, mama, nitaogopa, lakini karibu. Hata hivyo, liko jambo lililobaki, na bila hilo saa mbili hizo zitakufa kama UP ilivyokufa. Mwisho wa yote mtoto wako atakabiliwa na mtihani wa Serikali, Exetat, na sehemu kubwa ya mtihani ule ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa. Mimi nikitumia juma zima kwa mazuku, na mwenzangu wa shule jirani akitumia juma hilo kuwakaririsha maswali ya miaka iliyopita, mwaka wa diploma wewe mwenyewe utampeleka mtoto kwa mwenzangu. Mtihani ndio mkufunzi wetu mkubwa. Unatufundisha kila mwaka, bila semina wala posho, na sote tunautii.

MKAGUZI: Hapo huna mpinzani. Uganda ililiona hilo. Mtaala wao mpya wa sekondari ya chini ulianza Februari 2020, walimu wakiwa wamepata mafunzo mafupi tu, na mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, zisifunguliwe zote mpaka Januari 2022. Lakini hawakuuacha mtihani katika hali yake ya zamani: kundi la kwanza la mtaala ule lilipofanya mtihani wake 2024, kazi alizozifanya mwanafunzi shuleni zilihesabiwa kuwa asilimia 20 ya maksi. Walimu ambao hawakuielewa semina walilielewa hilo.

PREFE: Nami naongeza ISP. Tunasema habari za walimu walio kazini, na kila mwaka wanatujia wapya. Wengi hunijia wakiwa wameiva katika somo moja, wamefanya staji ya muda mfupi, na programu wanayotakiwa kuifundisha hawajawahi kuifungua chuoni. Ikiwa chuo kinaendelea kutoa walimu wa fizikia peke yake, ilhali shule inadai mwalimu wa fizikia, teknolojia na kompyuta kwa pamoja, basi kila mwaka tunazidisha idadi ya wale tutakaowaita semina.

Hapa nawaacha wasemaji wangu, maana wamefika mahali ambapo mwandishi anapaswa kutoa rai yake bila kujificha nyuma yao. Mkaguzi ana haki katika jambo moja kubwa: programu mpya ni njema, na nchi pana kama hii haiwezi kuepuka kuwafundisha watu wachache ili wawafundishe wengi. Lakini semina ina kazi yake na mpaka wake. Inaweza kumpa mwalimu habari za jambo jipya. Haiwezi kumpa mazoea yake, kwa sababu mazoea ya kufundisha hupatikana mahali pa kufundishia, mbele ya watoto wale wale, na mbele ya mwenzake asiyempa maksi. Somo la mazuku halikuharibika kwa ujinga wa mwalimu, wala kwa ukosefu wa maabara. Liliharibika katika dakika chache za kusita, ambazo mwenzake mmoja aliyeketi nyuma angeziona na kumwambia: hapa ungenyamaza, hapa ungewaachia beseni. Mafunzo yasiyozifikia dakika hizo, hata yakigharimu mamilioni, hayajamfikia mwalimu.

Kwa hiyo naona kwamba saa ya UP iwe sehemu ya kazi inayolipwa, iandikwe katika ratiba, na ilindwe na prefe kama anavyolinda saa ya hisabati. Na kwa kuwa shule nyingi za nchi hii huendeshwa na makanisa chini ya mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, idara za makanisa zinazosimamia shule hizo zibebe jukumu hilo pamoja na Serikali, zisilisubiri agizo la Kinshasa. Mkaguzi abaki na kazi yake ya kupima, lakini asiitwe mlezi. Exetat ibadilishwe ili walau sehemu yake idai kile programu inachokidai, maana ni dhulma kumtuma mwalimu njia moja na kumhesabia thawabu katika njia nyingine. Na wale NU waingizwe katika malipo, kwa kuwa kumtaka mtu asiye na mshahara aigeuze kazi yake yote ni kumdai sadaka, na sadaka hutolewa kwa hiari, haitozwi.

Najua nitakaloambiwa: mji wenye majeraha ya vita, ambao umepokea maelfu ya waliokimbia vijiji vyao, una mambo ya haraka kuliko vikao vya walimu. Silikubali hilo. Katika kila msukosuko ulioupata mji huu, tangu volkeno ya Nyiragongo ya Januari 2002 na ya Mei 2021 hata vita vya miaka hii, walimu wa Goma wamerudi madarasani mapema iwezekanavyo, mara nyingi bila ujira, na wazazi wamewapeleka watoto. Nia ya watu hao haijapungua hata siku moja. Inayosubiriwa ni nia ya wale wanaopanga fedha, na kipimo chake kitakuwa rahisi kukisoma: katika bajeti ijayo ya mageuzi ya sekondari, itafutwe saa ya mwalimu, ionekane imepewa fungu gani, na fungu hilo lilinganishwe na lile la vitabu.